Eti "Imekamilika"! Apdeti, ving'amuzi na sauti ya Mzee wa Njinjo

Wiki hii nina test mbili na asaimenti ya kikundi ambayo kikundi chenyewe ni mimi na mwenzangu mmoja, wengine ni majina tu kwenye karatasi ya mbele. Lakini hili nikilinyamazia nitapasuka, kwa hiyo niacheni nilitoe kwanza ndiyo nirudi kwenye saikolojia ya elimu.

Nasema bila kumung'unya maneno: programu ya kompyuta inayojiapdeti yenyewe usiku, ikabadilisha setingi zako bila kukuuliza, ni mwizi. Tena afadhali mwizi wa redio, huyo asubuhi utakuta dirisha limevunjwa na utapiga yowe. Huyu anaingia, anavuruga, anatoka, halafu anakuandikia kwenye skrini "Imekamilika" na tiki ya kijani juu yake. Na nyie washkaji zangu wa block ya pili mnaoniambia kila siku "si u-apdeti tu, kila kitu kipya ni bora", leo namjibu mmoja mmoja.

Kwa msioifahamu Njinjo: ni Kilwa, ila si Kilwa ile ya magofu na watalii. Ukitoka Dar unashika barabara ya Lindi mpaka Nangurukuru. Pale wanaokwenda Masoko na Kivinje wanachepuka kushoto kuelekea baharini, sie tunakata kulia, njia ya Liwale, tunaingia ndani bonde la mto Matandu. Ufuta, mpunga, mahindi, na kila mtu ana ndugu Liwale. Januari 2020 mto ule ulipofurika watu walipoteza nyumba, mifugo na akiba ya chakula. Na picha. Hili la picha hakuna aliyeliandika magazetini. Albamu za karatasi zilizokuwa chini ya vitanda ziligeuka uji. Lakini DVD za harusi zilizokutwa kwenye matope zilioshwa kwa maji na sabuni, zikafutwa kwa kipande cha kanga, zikawekwa kwenye deki, zikacheza. Kwa hiyo mtu akiniambia DVD ni takataka za zamani namwona hajawahi kupotelewa na kitu.

Kuanzia kama miaka ya 2005 hadi 2015 hivi, kila shughuli kijijini ilikuwa na mtu wa kamera, na mtu wa kamera alikuwa anakukabidhi DVD. Harusi, maulidi, jando, mahafali ya darasa la saba, mechi ya Njinjo na jirani zake ambayo mpaka leo watu wanabishana kama lilikuwa goli. Hizo DVD hazipo YouTube, hazipo Kariakoo, hazipo maktaba yoyote. Kuna nakala moja, labda mbili, kwenye kabati la vyombo.

Moja ya hizo ni ya harusi ya mwaka 2008 ya familia tunayopakana nayo uwanja. Katikati ya mapilau na vigelegele, mtu wa kamera alimkuta babu wa bwana harusi amekaa chini ya mwembe akamwambia, "Shikamoo babu, hebu waambie maharusi neno." Mzee akaanza na nasaha za ndoa, halafu sijui nini kikamchukua, akaingia kwenye habari za baba yake aliyekuwa mtoto wa kubeba maji wakati wa Majimaji. Dakika 11. Kiswahili kimechanganyika na Kingindo. Akaeleza walivyopitishwa njia gani, nani alitangulia, walivyorudi na nini kutoka upande wa Liwale. Mnajua wenyewe kwamba vita vile vilianza Julai 1905 Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba, na kwamba boma la Wajerumani pale Liwale lilichomwa Agosti mwaka huo huo. Tumekariri tangu form two. Lakini kumkuta mtu aliyeyasikia hayo kinywani kwa baba yake aliyekuwepo, akayasema mbele ya kamera, hiyo si ya kukariri. Hiyo hupati tena.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Mwaka juzi baada ya mauzo ya ufuta, watu wana hela kidogo, familia ile ikakusanya DVD zake zote sita ikazipeleka steshenari moja (jina nalihifadhi, na kijana mwenyewe ni mstaarabu) wahamishiwe kwenye flashi. Shilingi elfu mbili kila DVD. Kijana akaweka ya kwanza, mstari ukajaa mpaka 100, "Imekamilika". Ya pili, "Imekamilika". Zote sita. Wakalipa, wakarudi na flashi imefungwa kwenye pindo la kanga. Zile DVD, kwa kuwa sasa "ziko kwenye flashi", msimu wa mpunga uliofuata zikatungwa kamba zikatundikwa shambani kufukuza ndege. Kila anayelima bondeni anajua, hakuna kinachomtisha ndege kama CD inayozunguka juani. Nani angewalaumu?

Mzee akafariki. Siku ya arobaini, baada ya khitma, wakasema tumwone babu. Flashi ikachomekwa kwenye TV. Mama mmoja ndiye aliyevunja ukimya: "Mwanangu, mbona babu amekuwa kijani?" Uso una mistari ya kijani, kila mtu akinyanyua mkono mkono unatoka meno kama ya kitana, na midomo inatangulia, sauti inakuja nyuma yake kama mwangwi. Wakajaribu kwenye simu: picha hiyo hiyo mbovu, na sauti hakuna kabisa. Babu anafungua mdomo, kimya.

Nilikuwa nyumbani likizo. Nikaitwa kwa sababu "wewe uko chuo" (kwetu ukiwa chuo basi unajua kutengeneza hata pampu ya maji). Nikaenda kwa kijana wa steshenari, tukafungua laptopu yake pamoja, na hapa ndipo ninapowataka mkae sawa, kwa sababu ndipo penye kesi.

Kijana alikuwa hajafuta mafaili ya wateja. Tukayapanga kwa tarehe. Yote ya mpaka Jumanne moja ya mwezi ule: safi, picha imetulia, sauti iko. Yote ya kuanzia Jumatano: kijani, meno ya kitana, sauti imechelewa. Kompyuta ile ile, kijana yule yule, DVD za aina ile ile. Kilichobadilika ni kimoja tu: programu ya kunakili DVD ilijiapdeti Jumanne usiku alipoiacha laptopu na bando la usiku.

Nikaingia kwenye setingi. Neno lenyewe ni "dekoda", king'amuzi kwa Kiswahili, na nisipolifafanua mtadhani naongelea kile cha TV tulicholazimika kununua baada ya mitambo ya analojia kuzimwa, wakianza na Dar usiku wa Desemba 31, 2012. Kazi ni ile ile lakini. Video iliyomo kwenye DVD imebanwa kwa mtindo uitwao MPEG-2. Ili uigeuze iwe MP4 ya simu, lazima kwanza mtu aibanue, aisome picha kwa picha. Huyo anayebanua ndiye king'amuzi, na kwenye programu za namna hii kuna wawili. Kuna king'amuzi cha programu, kinachotumia prosesa ya kompyuta: kinakwenda polepole lakini hakikosei ovyo. Na kuna king'amuzi cha kadi ya picha: kina haraka, ila kinategemea kadi yenyewe na draiva zake. Kadi ikiwa nzuri na draiva ni mpya, raha. Kadi ikiwa ya laptopu ya mtumba iliyopita mikono mitatu, unapata babu wa kijani.

Kabla ya apdeti, setingi ilikuwa king'amuzi cha programu. Baada ya apdeti, kadi ya picha. Haikuuliza. Kadi ilipozidiwa ikawa inaruka picha, sauti haikuruka, ndiyo maana vikaachana njia. Setingi ya pili: sauti. Kabla, ilikuwa inageuzwa kuwa AAC, ambayo simu zote zinaijua. Baada, "pitisha kama ilivyo", maana yake sauti ya AC-3 ya DVD inabaki AC-3, na simu kibao za Android hazina leseni ya kuisoma hiyo. Kimya cha babu kwenye simu ndiyo hicho. Ya tatu: video zetu za kamera za enzi zile ni za PAL, mistari 576, picha 25 kwa sekunde, na kila picha imekatwa nusu mbili, mistari witiri na mistari shufwa. Kuna setingi ya kuziunganisha nusu hizo vizuri. Ilikuwa imewashwa. Ikazimwa. Meno ya kitana.

Setingi tatu. Usiku mmoja.

Haya, sasa majibu. Wa kwanza ni yule anayesema "kosa la kijana, angehakiki." Ndugu yangu, kijana anahudumia foleni ya watu wa passport size, barua za maombi ya kazi na kopi za vyeti, umeme wenyewe anauwinda. Chombo chake kimemwambia imekamilika. Fundi cherehani hahakiki kila mshono kwa darubini. Lakini programu ilikuwa na uwezo wa kujua! DVD ya dakika 90 ya PAL ina picha 135,000, ni hesabu ya darasa la tano: 90 mara 60 mara 25. Faili iliyotoka ikiwa na picha pungufu, kompyuta inaweza kuhesabu ikasema "bwana, hapa pana tatizo". Ni kompyuta, kuhesabu ndiyo kazi iliyozaliwa nayo. Waliamua isihesabu, kwa sababu tiki ya kijani inauza na onyo haliuzi.

Wa pili ni yule mwanasheria wetu wa mwaka wa kwanza, "kunakili DVD ni uharamia". Harusi ya kwao, wameilipia wenyewe, uharamia uko wapi? Hata sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inaacha nafasi ya mtu kujitolea nakala kwa matumizi yake binafsi. DVD zile hazina hata kufuli. Kufuli liko kwenye DVD za Hollywood, linaitwa CSS, na lilivunjwa mwaka 1999 kwa kijiprogramu kilichoitwa DeCSS. Kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, alishtakiwa kwa hilo, mahakama ikamwachia mwanzoni mwa 2003, wakakata rufaa, akaachiwa tena mwisho wa mwaka huo huo. Mnaona ugomvi huo? Basi ndio unaotutafuna mpaka leo. Studio zinabuni kufuli jipya, watengeneza programu za kunakili wanakimbizana nalo, kila wakikimbizana wanatoa apdeti, na ndani ya apdeti hiyo hiyo wanachomeka "maboresho" yao ya vingamuzi. Wengine walibanwa kisheria wakafunga: DVD Decrypter iliachwa mwaka 2005, SlySoft waliokuwa na AnyDVD walifunga 2016. Kwa hiyo kijana wa steshenari analetewa apdeti kwa ajili ya filamu ambayo hajawahi kuishika mkononi, kwa ugomvi wa watu wa ng'ambo, na anayelipa ni marehemu wa Njinjo.

Wa tatu, "weka YouTube." Asante. GB nne za harusi, kwa bando la nani? Na nani kakwambia kila familia inataka mama zao wakicheza ngoma waonekane na dunia nzima?

Halafu kuna hawa wanaosema apdeti ni usalama. Hapo nakubali, tena bila ubishi. Ziba matundu ya wezi, hata kila wiki. Lakini kuziba tundu na kubadilisha king'amuzi ni kazi mbili tofauti. Ukiita fundi azibe paa, akakuta kitanda chako akakihamishia jikoni kwa sababu yeye anaona ndiyo mtindo wa kisasa, utamlipa? Kitu kipya kije kimezimwa, na mwenye nyumba akiwashe mwenyewe akitaka. Setingi aliyoiweka mtu kwa mkono wake ibaki. Si ombi kubwa hilo jamani!

Na sisi je? Sisi walimu watarajiwa? Hapa najua nitapata maadui lakini liwalo na liwe. Somo la kompyuta tulilosoma lilitutaka tutaje vizazi vitano vya kompyuta na tofauti ya kifaa cha kuingizia na cha kutolea. Nimepata alama nzuri, naweza kuvitaja nikiwa usingizini. Hakuna siku tuliyoambiwa tofauti ya faili na kilichomo ndani ya faili, kwamba MP4 ni chungu tu, na mchuzi uliomo unaweza kuwa wa aina kumi. Tutakwenda kufundisha watoto wa Njinjo vizazi vitano vya kompyuta, na mtoto atarudi nyumbani akute babu yake amekuwa kijani asijue aanzie wapi.

Wakati mwingine nawafikiria wenzetu wa 1968. Wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya Majimaji kwa wazee waliokuwa bado hai, yakahifadhiwa, na mpaka leo wanahistoria wanayategemea. Walikuwa na umri wetu. Vyombo vyao vilikuwa vizito na barabara ya kusini ya enzi hizo mnaisikia kwa wazazi wenu. Na wanafunzi wengine tena, wa École Centrale Paris, ndio walioanzisha mradi uliotupa VLC, kwa sababu walitaka tu kuangalia video kwenye mtandao wa chuo chao. Waliiachia bure kwa dunia mwaka 2001. VLC inakuja na ving'amuzi vyake ndani, ndiyo maana inacheza mpaka mafaili yaliyoshindikana. Wanafunzi hao! Sisi tunayo grupu ya darasa yenye picha 900 za misosi.

Mtaniuliza kilichopatikana. Nilizitoa zile DVD shambani, sita, zimepauka. DVD ya kuchoma si kama ya kiwandani: ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa, ya kuchoma ina rangi maalumu iliyounguzwa kwa leza, na rangi hiyo na jua havipatani. Nikazisoma polepole, nikinakili disc nzima kama ilivyo bila kugeuza chochote, maana kwa kuhifadhi king'amuzi hakihitajiki kabisa. Unabeba kila kilichomo, GB 4.7 kwa disc, flashi ya GB 64 inachukua kumi na tatu. Nne zilitoka zote. Moja haikusomeka hata jina. Ya harusi ya 2008 ilitoka mpaka pale mtu wa kamera anaposema "Shikamoo babu", mzee anaitikia "Marahaba mjukuu wangu", anaanza "Ndoa ni..." kisha disc inalia kama jino linalosagwa na kusimama. Kilichobaki cha dakika 11 ni ile faili ya flashi, ya kijani. Sauti ipo, AC-3, nimeitenganisha. Ina mikatiko kwa sababu DVD yenyewe ilikuwa na mikwaruzo, ila maneno mengi yanasikika. Kingindo changu hakitoshi, nimekaa na bibi mmoja jioni tatu tukaandika. Picha hairudi. Zilizorukwa zimerukwa.

Kwa wenye steshenari mnaosoma hapa, na najua wapo: zimeni apdeti ya kujiendesha leo hii, kabla hamjafunga duka. Tunzeni faili la kusakinishia toleo linalowafaa, kwenye flashi pembeni. Mteja akileta DVD, kwanza nakili disc kama ilivyo, ndiyo utengeneze MP4 kutoka kwenye nakala. Ukimaliza fungua mwanzo, katikati na mwisho, kwenye simu, sauti juu, mteja akiwa amesimama hapo hapo. Na mwambie asiitundike shambani! Ndege atafukuzwa na CD za promosheni.

Kwa mnaokwenda BTP mikoa ya kusini safari hii: kabla ya lesson plan, ulizeni pale mnapopanga chumba nani ana DVD kabatini. Laptopu za siku hizi hazina hata mdomo wa DVD, kwa hiyo natafuta draivu ya nje ya kuchomeka kwa USB. Mwenye nayo anikopeshe kuanzia siku tunayofunga chuo mpaka tunarudi, nitaitunza. Nipo hosteli kila siku baada ya saa mbili usiku, ukinikosa niachie ujumbe kwa mama wa chapati hapo getini.